Siku Niliyomrushia Mdogo Wangu

Tuliachana wiki iliyopita nikiwa nimekaa juu ya begi langu nje ya uwanja wa ndege wa Santo Domingo, nimevaa koti la baridi kwenye jua la mchana, namsubiri mtu wa kunipokea. Mtu mwenyewe sikuwa nimemwambia kwamba nakuja.

Kwa wewe uliyechelewa, nakupa kwa kifupi. Naitwa Leuris Marmolejos. Kazi yangu ni kurusha mpira wa besiboli. Nilisainiwa nikiwa na miaka kumi na saba, nikapelekwa Amerika, nikaichezea timu ndogo ya mji uliozungukwa na mahindi pande zote. Kano ya kiwiko ikakatika. Wakanipasua, wakanishona, wakaningoja, nikarudi. Halafu asubuhi moja meneja akaniita ofisini kwake, soksi zangu zikiwa bado kwenye mashine ya kufulia. Akasema kwa Kiingereza, asante sana. Mkalimani akanigeukia, akasema, "Anasema asante sana."

Amerika yangu iliishia hapo.

Basi, nikafika nyumbani.

Kwetu ni kambi ya wakata miwa, nje kidogo ya Consuelo. Mama yangu, Nereida, nilimkuta mlangoni anakaanga yanikeke, ile mikate bapa anayowauzia watu wa asubuhi. Aliponiona hakupiga kigelegele. Alilitazama begi. Akalitazama lile koti.

"Likizo?" akaniuliza.

"Wamenirudisha, mama."

"Nimekuuliza, likizo?" Macho yake yakamwendea jirani aliyekuwa anasubiri mkate wake.

"Ndiyo," nikasema. "Likizo."

Likizo yenyewe ikaingia mwezi wa pili, ikaingia wa tatu, ikaendelea. Binamu yangu alikuwa na pikipiki ya ziada, nikaichukua nikawa naendesha bodaboda. Asubuhi nawapeleka walimu shuleni, mchana nawapeleka wagonjwa hospitali, jioni nawapeleka walevi wanakojua wenyewe. Kila abiria aliyepanda nyuma yangu alikuwa na swali lilelile.

Mbaya kuliko wote alikuwa Tatico, mzee wa dhumna, aliyekuwa hatoki pale nje ya duka la Nelo.

"Kiberiti!" Hilo ndilo jina walilonipa nikiwa kijana, kwa sababu mpira wangu ulikuwa unawaka. "Kiberiti, hiyo likizo haijaisha tu?"

"Bado, mzee."

"Hata rais hapewi likizo kama hiyo."

"Rais harushi mpira."

"Kwani wewe unarusha?"

Meza nzima ikaangua kicheko. Na mimi nikacheka. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba hata kukasirika nilikuona ni kazi.

*

Siku moja akapanda Chichí.

Huyu nilishawasimulia. Ndiye aliyeniokota mtaani nikiwa narusha ndimu, akanilisha, akanifundisha, akanisainisha, akachukua sehemu yake. Sasa alikuwa na mdogo wangu, Endy. Endy ana miaka kumi na sita, anapigia mkono wa kushoto, na akianza kupiga pale uwanjani, bodaboda tunasimama barabarani kumtazama.

"Nipeleke uwanjani," Chichí akasema. Tulipoanza kwenda akanisogezea mdomo sikioni.

"Alhamisi wanakuja maskauti, wasaka vipaji wa timu za Amerika. Wanamfuata Endy."

"Nimesikia."

"Mrushaji wangu ameangushwa na homa. Hata kichwa hawezi kukiinua."

"Mpe pole."

"Leuris."

"Sirushi tena, mzee."

"Nani kakwambia urushe? Nataka umlishe. Mpe mipira ya kiunoni, iliyonyooka, inayopendeza. Kushika gongo umemfundisha wewe. Unajua anapenda upite wapi."

"Kwa hiyo mnatafuta mashine."

"Mashine ninayo, imeharibika. Natafuta kaka yake."

Nikakata kona. Chichí akanishika bega.

"Ya kwako ilikwisha, mwanangu. Nakwambia kwa mapenzi, maana wengine watakwambia kwa kicheko. Ya huyu ndiyo kwanza inaanza. Usije ukasimama mlangoni pake."

Tulipofika aliteremka akaenda zake. Sikukumbuka hata kumdai nauli.

Jioni ile mama alinipakulia wali na maharage, akakaa mbele yangu.

"Chichí amekwambia?"

"Ameniambia."

"Na mkono?"

"Hauumi."

"Basi mrushie mdogo wako. Mrushie vizuri."

Nililala na neno lile. Vizuri vipi? Vizuri kwake au vizuri kwangu? Na sikuamka kwenda kumuuliza, maana jibu nililijua.

*

Alhamisi asubuhi nilimbeba Endy kwenye pikipiki, gongo lake amelilaza mapajani. Tulipofika getini hakuteremka.

"Kaka, leo usinifanyie mchezo."

"Mchezo gani?"

"Namjua Chichí na tabia zake. Mimi nataka nipige mpira wa mtu, mpira uliorushwa. Nikishindwa, nishindwe."

"Huwezi kushindwa."

"Niahidi."

"Teremka, tunachelewa," nikamwambia.

Maskauti walikuwa nyuma ya wavu, wamevaa kofia za majani, kila mmoja na mashine yake ya kupima kasi ya mpira. Walikuja kama watu wanaokwenda sokoni kukagua mbuzi. Upande wa pili, kwenye uzio, nikamwona mama. Alikuwa amevaa gauni la kanisani na beseni lake la yanikeke lipo miguuni. Alipoona namtazama akafanya ishara ya msalaba.

Walianza vijana wengine wawili wa Chichí. Niliwalisha kama tulivyopatana. Mpira wa kiunoni, pa! Mpira wa kiunoni, pa! Walipiga mpaka wakaanza kujipenda. Mimi nilikuwa nageuza mkono tu, akili yangu ipo kwenye plagi ya pikipiki iliyokuwa inasumbua.

Ghafla skauti mmoja akasimama. Mtu mnene, taulo shingoni. Wenzake walimwita Bwana Quilvio, na alipoongea yeye wengine walinyamaza.

"Mzee Chichí! Huyu anarusha au anagawa peremende?"

Wakacheka.

"Wanapasha misuli moto tu, bwana wangu," Chichí akajibu, anasugua mikono.

"Sikutoka Santiago kuja kuangalia watoto wanapiga mipira ya shangazi yao. Wewe, kijana! Unaitwa nani?"

"Leuris Marmolejos."

Akakunja uso, anakumbuka. "Marmolejos... Wewe si ndiye yule Kiberiti?"

"Ndiye."

"Kilizimika?"

"Sijui, bwana."

"Hebu tujue. Huyu anayefuata mpe mpira wa kweli. Akiupiga, tunazungumza. Asipoupiga, nakunywa kahawa yangu naondoka."

Anayefuata alikuwa Endy.

Chichí akapanda mpaka kwenye kile kilima kidogo cha mrushaji nilipokuwa nimesimama, akajifanya ananibadilishia mpira. Mdomo wake ulikuwa haufunguki sawasawa.

"Mpe wa kwanza mkali, mmoja tu, wafurahi. Halafu mlegezee. Umenisikia? Mama yako yule pale."

"Nimemwona."

"Basi mwone vizuri."

Akashuka. Endy akaingia mahali pake, akagonga ardhi kwa gongo, akaniangalia. Sijui kama alikuwa anamwomba Mungu au ananiomba mimi.

Nikarusha.

Sikuwa nimerusha kwa nguvu tangu Amerika. Nilitegemea maumivu, nikawa nimeshabana meno kuyapokea. Hayakuja. Mpira ulitoka kama zamani, ukaingia kwenye glavu ya mdakaji kwa mlio wa mlango uliobamizwa na upepo. Endy alipiga hewa. Alizunguka akaangukia goti moja.

Nyuma ya wavu mtu akapiga mluzi. Nikawaona wanaonyeshana mashine zao, huyu kwa yule, wanahakikisha hazijaharibika.

"Rudia!" Quilvio akapiga kelele. "Rudia uleule!"

Sasa hapa nitawaambia kitu ambacho padri sijamwambia.

Nilimsahau mdogo wangu. Simchukii, sijapata kumchukia hata siku moja. Nilimsahau tu, kama unavyosahau chungu jikoni mgeni akibisha hodi. Nilichokiona mbele yangu kilikuwa gongo, na nyuma ya gongo wanaume waliokuwa wameninyanyulia mashine zao, mimi, dereva wa bodaboda. Uchovu wote wa miezi ile ulinitoka mwilini. Nilikuwa mwepesi. Nilitamani kucheka.

Nikarusha wa pili. Endy aliugusa kidogo, ukaruka nyuma ukagonga wavu mbele ya uso wa Quilvio, yule bwana akainama na kahawa ikamwagika. Endy akatabasamu. Alikuwa ameshaanza kuuona. Mtoto wa ajabu yule: mipira miwili tu, na ameshaanza kuuona!

Pale kwenye benchi Chichí alikuwa anavua kofia, anavaa, anavua, anavaa. Legeza. Legeza.

Sikutaka kulegeza. Nilitaka Endy apige hewa, na wale watu waandike jina langu. Nasema hivyohivyo bila kupamba. Nilikusanya kila nilichokuwa nacho, nikainua mguu, nikaupeleka mkono nyuma.

Kiwiko kikachanika.

Nilikisikia kwa masikio, kama kanga kuukuu inayochanwa. Moto ukashuka mpaka kwenye kidole cha mwisho. Vidole vikafunguka vyenyewe na mpira ukaponyoka, ukaenda polepole, ukaenda kama mtu anayeuliza njia.

Endy alikuwa ameshaanza kuzungusha gongo kwa ajili ya mpira wa moto. Akajizuia. Sijui alijizuiaje, hata watu wazima wanaolipwa mamilioni hawawezi. Miguu ikamshika, mikono ikamngoja, mpira ukafika kwa wakati wake, na hapo ndipo akaupiga.

Ukapaa juu ya kichwa changu. Sikugeuka kuuangalia. Nilijua kwa mlio. Ulipita juu ya uzio wa mabati ukaingia kwenye miwa, na mpaka leo hakuna aliyeuona.

*

Kelele zilizofuata siwezi kuzisimulia. Endy alikimbia akazunguka uwanja mzima kama yuko fainali, vijana wote nyuma yake. Mama aliacha beseni, watu wakajichukulia mikate bila kulipa, hakujali.

Mimi nilibaki pale kilimani, mkono nimeubana tumboni kama mtu aliyeshikwa na njaa.

Quilvio akaja mbio, taulo linapepea.

"Mpira wa mtego! Baada ya ile miwili unampa mpira wa mtego! Nani kakufundisha roho mbaya hiyo?"

Mpira wa mtego ni ule ambao mrushaji anachapua mkono kama kawaida lakini mpira wenyewe unakwenda taratibu, ili mpigaji apige kabla haujafika. Wapo wanaojifunza miaka mingi wasiuweze. Mimi mmojawapo.

"Nilijifunza kulekule," nikasema. Jasho lilikuwa linanitiririka, la baridi.

"Na huyu mtoto akaungoja! Umeona alivyoungoja? Nimefanya kazi hii mpaka nimeota mvi, sijaona."

Akaninyooshea mkono wake. Nisingeweza kumpa wangu. Nikamkumbatia, akafurahi, akadhani ni heshima.

"Jumatatu mlete mdogo wako, anasaini. Na wewe njoo na viatu. Mkubwa wangu anakuja kutoka Amerika, anatafuta mrushaji aliyekomaa, siyo mtoto wa kulea. Rusha mbele yake kama leo."

"Kama leo?"

"Hivyohivyo, usiongeze wala usipunguze."

"Ndiyo, bwana," nikasema.

Mtaniuliza kwa nini nilisema ndiyo. Kusema hapana kungehitaji maelezo, na maelezo yalikuwa yameniisha. Kusema ndiyo ni kutikisa kichwa tu.

Alipoondoka, Chichí akanivuta pembeni. Machozi yalikuwa yanamlengalenga, mzee mzima.

"Nilijua," akasema. "Ulinitisha, mtoto wewe, ulinitisha mno. Lakini nilijua wa mwisho utamlegezea. Mungu kakuona."

"Sikumlegezea, mzee."

"Sawa. Hukumlegezea." Akanikonyeza. "Na mimi sijasema kitu."

Kumbe alikuwa ameshasema. Chichí akifurahi mdomo wake hauna mlango.

*

Nyumbani mbuzi alikuwa ameshachinjwa kabla hatujafika. Muziki ulikuwa umefunguliwa mpaka mwisho. Meza ya dhumna yote ilikuwa imehamia uani kwetu, na Tatico amekaa kwenye kiti cha marehemu baba.

"Kumbe likizo ilikuwa kazi!" akapaza sauti. "Kiberiti, nisamehe! Mleteeni nyama!"

Wakaniletea. Nikala.

Mama alikuwa anapita na sufuria. Akasimama.

"Tangu lini mwanangu unakula kwa mkono wa kushoto?"

"Nimechoka, mama."

"Njoo ndani unisaidie kuteremsha gunia."

Hakukuwa na gunia. Alifunga mlango wa chumba, akasema, "Kunja shati."

Sikuweza kulikunja. Akalikunja yeye. Kiwiko kilikuwa kimevimba kimekuwa kama papai, na rangi imeshaanza kugeuka. Mama akakaa kitandani. Nje watu walikuwa wanaimba jina la Endy.

"Nani anajua?"

"Wewe."

"Na ule mpira wa mwisho?"

"Ndipo mkono ulipokatika."

Akafumba macho. Alikuwa ameelewa yote. Mama hajasoma chochote cha besiboli lakini amefua nguo zake tangu tunazaliwa.

"Endy akijua..." akaanza.

"Hatajua."

"Namjua mwanangu. Akijua kwamba alipiga mpira uliotoka kwenye mkono uliovunjika, hatashika gongo tena. Ataubeba mkono huo mpaka anakufa." Akanishika uso kwa mikono yake miwili, inanuka kitunguu. "Nyamaza mpaka asaini. Halafu tutatafuta daktari, nitauza hata mlango. Lakini kwanza asaini. Umenisikia, baba?"

Alizoea kuniita baba akiwa ananiomba kitu kikubwa.

"Nimesikia."

Nilimwelewa kabisa, na kumwelewa ndiko kulikoniuma kuliko kiwiko. Mama alikuwa na wana wawili na mmoja alikuwa ameshakwisha, basi akamshika aliyebaki. Mimi ningefanya vilevile. Alichukua barafu ya vinywaji akaifunga kwenye kitambaa, akanifungia mkono, analia bila sauti. Halafu akaniteremshia shati, akajifuta, akafungua mlango akatoka anacheka na wageni.

Nilibaki mle ndani kidogo. Nilitamani kulala. Siyo kulala na kuamka kesho. Kulala nikaamka watoto wa Endy wameshakuwa wazee.

Nilipotoka kwa mlango wa nyuma, jua lilikuwa limeshaanza kulegea. Endy alikuwa amekaa peke yake kwenye ukingo wa tangi la maji. Sherehe ni yake, mwenyewe yuko huku nyuma. Gongo lilikuwa magotini.

"Mbona hapa?" nikamuuliza.

"Nilikuwa nakungoja."

"Kula, nyama itaisha."

"Chichí anawaambia watu ulinilegezea."

Nikaegemea tangi.

"Anawaambia kwa siri, lakini mmoja mmoja. Hata Tatico ameshajua." Hakuwa na hasira. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeuliza bei. "Ni kweli, kaka?"

"Chichí amelewa."

"Chichí hanywi. Ni kweli?"

"Siyo kweli."

"Basi mbona ulikuja taratibu vile?"

"Ulikuwa mpira wa mtego," nikasema. "Si umemsikia Quilvio?"

Endy akaniangalia kwa muda. Ana macho ya baba, hayakonyezi.

"Kaka, nimekudakia mipira tangu ninavaa glavu yako kama kofia. Huna mpira wa mtego. Hujawahi kuwa nao."

"Nilijifunza Amerika."

"Ulijifunza Amerika."

"Ndiyo."

Akateremka kutoka kwenye tangi. "Sikiliza. Kama ulinilegezea, Jumatatu siendi. Sisaini. Nitarudi kwa Chichí nifanye mazoezi mpaka waje wengine, hata mwakani. Siwezi kwenda kule na zawadi, halafu wanirushie mipira ya kweli wanirudishe kama..."

Hakumalizia. Hakukuwa na haja.

"Kama mimi," nikasema.

"Sikusema hivyo."

"Endy, ule mpira uliupiga mwenyewe. Naapa kwa Bikira wa Altagracia, sikukulegezea."

Na hiyo ilikuwa kweli tupu. Uso wake ukalainika. Kwa kitambo nilidhani tumemaliza, nikaanza kugeuka nirudi kwenye nyama.

"Basi nirushie tena," akasema.

"Nini?"

"Mpira wa mtego. Mmoja tu, hapahapa. Nikiuona naamini, na Jumatatu tunaenda pamoja."

Akachomoa mpira mfukoni. Hakuniuliza, alinishika mkono wa kulia, akaufungua, akauweka mpira kiganjani. Nilibana meno mpaka nikaonja damu. Yeye alikuwa ameshanipa mgongo, anahesabu umbali kwa miguu kuelekea kwenye kamba ya nguo.

"Haya! Haya!" Alikuwa Tatico, amejitokeza kwenye kona na mfupa mkononi. "Njooni huku! Kiberiti anamrushia Endy!"

Wakaja wote. Mtu akapunguza muziki. Watoto wakapanda juu ya tangi, wanawake wakasogeza viti, Chichí akaja mbele anapiga makofi, anacheka, hajui ni yeye aliyeuwasha moto huu.

"Rusha, Kiberiti! Rusha!"

Mama akatokea mlango wa nyuma na mwiko wake. Aliuona mpira, akauona mkono. Akanitikisia kichwa, polepole, na sikujua kama ananiambia nisirushe au nisiseme.

Endy akasukuma shuka zilizoanikwa, akakunja magoti, akainua gongo.

"Niko tayari, kaka."

Nilijaribu kuufumba mkono nishike mpira. Vidole viwili vya mwisho sikuvisikia kabisa. Nikarudi nyuma hatua moja, ile ambayo mrushaji huanzia.